Nilivyoacha kutafuta wachezaji warefu ndo tukaanza kushinda

Mimi mwalimu wa hesabu tu, ukocha wa kikapu nilibebeshwa kwenye kikao cha walimu kisa niliwahi kucheza sekondari. Chuo chetu kidogo, uwanja wa sementi, mipira minne na mmoja unavuja, vijana wangu hakuna anayefika futi sita. Miaka miwili tunapigwa tu. Staa wetu anacheza dakika zote, wengine benchi wamenuna mpaka mazoezini hawaji.

Usiku mmoja nipo YouTube nikakutana na kijana Jack Taylor, pointi 138 mechi moja, Novemba 2012, nikajua utani. Kumbe ni mchezaji wa chuo cha Grinnell, kipo Iowa huko Marekani, wanafunzi hata elfu mbili hawafiki na skolashipu za michezo hawatoi. Kocha wao wa wakati huo David Arseneault alikuja 1989 akabuni mfumo wa ajabu, watano wanaingia wanakaba uwanja mzima kama wamechanganyikiwa, wanarusha za pointi tatu fasta, dakika haijaisha wote nje wanaingia watano wengine. Ukipenya ukafunga kirahisi poa tu, wanachotaka mpira urudi kwao upesi. Yani ni hesabu, we 2 mimi 3, na nirushe mara nyingi kukuzidi. Hapo ndo nikanasa!

Huku kwetu haikuingia moja kwa moja. Timu mwisho watu 12, nikapata makundi mawili na wawili wa akiba, halafu kubadilisha mpaka filimbi ilie, kuna siku haikulia muda mrefu kijana akatapika pembeni ya meza ya waamuzi. Mechi mbili za mwanzo tulifungwa vibaya, ya pili mkuu wa chuo yupo anaangalia. Na staa akanifuata, "Mwalimu, natolewa nina kosa gani?" Nikampa daftari ahesabu mirusho yetu na ya wapinzani kila mazoezi, sikumwambia kitu kingine. Wiki ya tatu akarudi mwenyewe na namba zake, akipumzika anarusha vizuri zaidi.

Bonanza la vyuo tukakutana na wale waliotufunga kila mwaka, wana jamaa mmoja mrefu kama mnazi. Robo ya tatu mnazi kashika magoti, wangu ndo kwanza wanaingia wabichi. Tulishinda kwa 11.

Siku hizi staa ndo anawafokea wenzie, "toka bwana umechoka", na daftari hajanirudishia.