Rimoti iliyojaza kimya cha mwenzake

Kwa siku tatu geti letu lilikuwa likifunguka kwa rimoti pale linapotaka lenyewe. Fundi tuliyemwita alibadilisha betri ya rimoti, akapokea chake akaondoka, na jioni ileile nikajikuta tena nimeshuka garini kulisukuma kwa mkono. Kwa kuwa ninacho kipokezi kidogo cha megahezi 433.92, masafa yanayotumiwa na rimoti nyingi za bei nafuu, niliamua kusikiliza mwenyewe.

Rimoti ya aina hii hutuma data kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote za kubadili kimo cha wimbi: ama wimbi chukuzi, yaani wimbi la redio linalobeba data, lipo kwa nguvu zake zote, ama halipo kabisa. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba wimbi likiwepo ni moja na lisipokuwepo ni sifuri. Katika chipu ya EV1527 iliyomo ndani ya rimoti yangu, kila biti, yaani kila sifuri au moja ya ujumbe, ina wimbi na kimya pia: sifuri ni wimbi fupi linalofuatwa na kimya kirefu mara tatu yake, na moja ni kinyume chake, wimbi refu kisha kimya kifupi. Biti ni 24, yaani 20 za utambulisho na 4 za vitufe, na kabla yake hutangulia wimbi moja fupi na kimya kirefu mara 31 ya wimbi hilo, ili kipokezi kijue kwamba ujumbe unaanza.

Niliunganisha kipokezi na tundu la maikrofoni la kompyuta kupitia vipingamizi viwili vya kupunguza volti, nikakaa garini mbele ya geti, nikarekodi kama mtu anavyorekodi sauti. Kadi ya sauti hupima mara 44,100 kwa sekunde, na wimbi fupi la rimoti yangu, ambalo lina takriban maikrosekunde 350, lilipata vipimo kama 15 tu. Lakini vilitosha kulionyesha kwenye skrini kama jino la kitana, na nikayasoma meno hayo, membamba na mapana, moja baada ya jingine. Ndani ya kila jino jembamba wimbi chukuzi hupanda na kushuka zaidi ya mara 150,000, na kipokezi hakihesabu hata mara moja kati ya hizo, kwani kinachopima ni kimo tu. Ujumbe mzima huchukua takriban milisekunde 45, hivyo ukibonyeza kwa sekunde moja hurudiwa zaidi ya mara 20.



Nilipoachia kitufe nilitarajia makelele, maana kipokezi cha bei nafuu kisiposikia kitu hujiongezea usikivu hadi kikaanza kuokota takataka za hewani. Badala yake nilikuta meno mengine yakiendelea kwa mpangilio, yenye utambulisho usio wangu. Kwenye mfuko wa mlango wa gari ilikuwemo rimoti ya nyumba tuliyowahi kupanga, nayo spana ilikuwa ikiegemea kitufe chake kila gari lilipoinama kwenye mteremko wa getini. Rimoti yangu iliponyamaza ili sifuri isomeke, ile ya zamani ilikuwa ikipiga kelele palepale, na kipokezi cha geti, kisichojua wimbi hili limetoka kwa nani, kilisoma ujumbe usiokuwepo.

Niliitoa betri yake, nikarekodi upya, kimya kikaonekana kati ya meno, na geti likafunguka. Ile betri aliyoitoa fundi, ya volti 12, nilipoipima ilisoma 11.8.