Flashi kwenye bodaboda

Aprili 2021 nilikuwa naishi kwa mama, Goba, Dar es Salaam, nikihariri video za watu chumbani kwangu. Nyumbani tulikuwa na ruta ya mtandao fulani, shilingi 75,000 kwa mwezi, na wakala aliyekuja kuifunga alituhakikishia, huku anakunywa juisi yetu, kwamba hii haina kikomo. "Mama, mtatumia mpaka mchoke wenyewe."

Mama hakumwamini. Kila usiku kabla ya kulala alichomoa waya ukutani ili MB zisivuje. Nilimweleza mara nyingi kuwa MB si maji, nikachoka. Yeye ni mtu wa enzi za simu za mezani, zile zilizotiwa kufuli pale pa kuzungushia namba ili wageni wasipige. Kwake yeye, kitu cha kulipia lazima kiwe na mahali pa kukifungia.

Wiki ile ya Pasaka nilikuwa na kazi moja: video ya wimbo wa kwaya, iwe YouTube kabla ya Jumapili. Nilimaliza kuihariri usiku wa Alhamisi Kuu, faili likawa GB 2.4. Nikaanza kulipakia, nikamsihi mama kwa usiku ule mmoja asiguse waya. Alikubali kwa shingo upande.

Alfajiri ya Ijumaa Kuu, tarehe 2, nikakuta limefika asilimia 19. Chini yake pameandikwa zimebaki saa 30.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole.

"Huduma yako haijakatwa, mpendwa mteja. Imepunguzwa kasi tu, kwa sababu umevuka kiwango cha mwezi."

"Kwa hiyo kuna kikomo?"

"Hapana, kifurushi chako hakina kikomo."

"Sasa nimevuka nini, dada yangu?"

"Kiwango cha kasi, mpendwa mteja."

Sikugombana naye. Lakini mpaka leo sijapata kuona neno likiteswa kama lile "bila kikomo". Muuza maharage akikwambia ujipimie utakavyo, halafu kibaba cha tatu akupimie kwa kifuniko cha soda, mtafikishana kwa mjumbe.

Nikahamia kwenye simu. Nikaweka vocha, nikafungua menyu ya vifurushi ninayoijua kwa moyo, nikaona tarakimu zimebadilika. Nikadhani nimekosea kubonyeza, nikarudia. Kumbe siku hiyohiyo ndiyo bei mpya za bando zilikuwa zimeanza, na shilingi 1,000 yangu haikuleta hata nusu ya nilichopata juzi. Bendera bado zilikuwa nusu mlingoti, nchi imetoka kumzika Rais Magufuli wiki iliyopita, na bado watu walipata nguvu ya kupiga kelele. Baadaye mamlaka ya mawasiliano iliagiza bei za zamani zirudishwe, ila mimi asubuhi ile sikuwa na baadaye. Nilinunua la 5,000, nikawasha hotspoti, nikaunganisha laptopu.

Ikaja meseji: umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Sikuelewa, maana video haikuwa imesogea kiasi hicho. Nilipochungulia ndipo nikaona Windows imeonja kasi nzuri ikaamua kujisasisha. Sikuwa nimeiambia kwamba intaneti hii inapimwa, na yenyewe imetengenezwa na watu ambao nadhani hawajawahi kununua bando la siku. Kabla sijaizima, meseji ya pili: kifurushi chako kimekwisha.

Mwaka 2009, mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, nilikuwa mwanafunzi, na tuliambiana bwenini kwamba sasa intaneti itakuwa kama hewa. Nilikumbuka hilo nikiwa nimekaa kitandani na simu yenye MB sifuri.

Mama alikuwa mlangoni muda wote. "Hicho kitu hakiingii kwenye flashi?"

"Kinaingia, mama."

"Sasa?"

Nikanakili video kwenye flashi, nikaifunga kwa nailoni ya mkate kwa ajili ya mvua ya masika, nikamwita dogo wa bodaboda kijiweni. Katibu wa kwaya alikaa Sinza, na ndugu yake alikuwa na intaneti ya waya nyumbani. Shilingi 5,000, kupitia Makongo. Dakika 45 baadaye katibu akanipigia: imefika, imelowa kidogo nje, ndani salama. Pikipiki, katika tope, ilikuwa imesafirisha GB 2.4 kwa bei ya lile bando lililoliwa na Windows.

Jumamosi jioni wimbo ulikuwa hewani. Mama akataka kuwaona wanakwaya, akavaa miwani, nikamfungulia kwenye simu kwa bando dogo nililokopa. Kale kaduara kakazunguka, soprano wakatokea wenye nyuso za ukungu, wakaimba neno moja na nusu, kaduara kakarudi.

"Basi, nimewaona," mama akasema. "Zima, lisiishe."

Halafu akaenda kuchomoa ruta.