Muacheni rolex, hesabuni boda inayoleta chakula

Watu wa Kampala tukianza tu stori za kusevu, wa kwanza kulaumiwa ni rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai. Jamani muacheni rolex. Chapati na mayai mawili kwa kijana wa pale steji, hata akuongezee nyanya na kabeji, haiwezi kukufukuzisha kwa nyumba. Kinachomaliza mshahara ni kile chakula unachooda umejilaza saa mbili usiku, jam ya Jinja Road imekutoa roho, sigiri haijawashwa na hata hukumbuki ndani kumebaki nini.

Pigeni hesabu na mimi. Chips kuku tuseme 18,000, kuletewa 5,000, hiyo ni 23,000 mlo mmoja tu na chips zenyewe zinafika zimeshalegea. Mtu akioda mara tatu kwa wiki, wiki nne ni 276,000, na hapo hajahesabu soda, hajahesabu zile siku mshahara umeingia na kila mtu ofisini ni rafiki yake. Kuna watu hiyo ndo kodi yao ya chumba!

Na simu nayo inakusukuma. Tangu 2018 ukitoa pesa ya mobile money serikali inakata 0.5%, bado ada ya kutolea, kwa hiyo mtu anaona heri pesa ikae humo humo alipie moja kwa moja, anajiona mjanja. Mimi natoa. Za chakula cha wiki nazitoa zote Jumamosi kwa mkupuo, za kikundi cha akiba zinatumwa siku hiyo hiyo kabla sijaanza kuzizoea, simu inabaki na za bando na boda ya asubuhi basi. Kwa 100,000 hiyo kodi ya serikali ni 500, na 500 haijawahi kuniuma kama ile 23,000.

Halafu kitu kingine, msinidanganye eti ni nidhamu, saa mbili usiku hakuna mwenye nidhamu. Saa hizo anashinda chakula kilicho karibu. Maharage naloweka Jumamosi usiku, Jumapili yanachemka kwenye sigiri mchana kutwa huku nafua, yakiiva nagawa kwenye vikopo naweka kwenye friji, sijaunga, maana yakishaungwa siku ya tatu yanachosha. Jioni ni kitunguu, nyanya, kijiko cha binyebwa (karanga za kusaga) nikiwa nacho, ugali ukisongwa ni dakika chache, na nikishindwa hata kusonga nashuka kununua chapati mbili nakatakata humo, kikomando tayari. Matoke katikati ya wiki sijidanganyi, kuyamenya tu usingizi unakuja.

Nikitamani cha nje sijikatazi, ila nakifuata kwa miguu. Mara nyingi nikifikiria kile kilima na ile mvua, hamu inaisha yenyewe, na ikikataa kuisha basi kweli nilikuwa nakitaka, naenda nakula.

Kuoda kabisa kabisa nimebakiza Ijumaa, na mara nyingi ni samaki wa kukaanga, kwa sababu ukikaangia samaki kwenye hivi vyumba vyetu ploti nzima inakuja kukusalimia.