Gia zisizobofya: nilivyozirudisha kazini kwenye baiskeli ya mtumba, Mbale

Baiskeli nyingi za mtumba zinazoingia Uganda huja na gia, na nyingi hazikai nazo muda mrefu. Fundi hukata waya, hung'oa kihamisha cheni cha nyuma, hufupisha cheni na kuifunga kwenye sproketi (gurudumu la meno) moja ya katikati, kisha humwambia mwenye baiskeli kwamba gia zilikuwa zimekufa. Kwa nilizozifungua mimi, gia zilizokufa kweli ni chache. Kikono cha gia, kile unachokivuta kubadilisha gia, huwa kimelegea, au ganda la waya limejaa kutu, au sikio la fremu linaloshika kihamisha cheni limepinda. Yote matatu yanatengenezeka kwa koleo, bisibisi na subira.

Baiskeli ninayoieleza hapa ina fremu ya chuma na sproketi mbili mbele, za meno 52 na 40. Nyuma ina friwili ya sproketi sita, kuanzia meno 14 hadi 28, na vikono viwili vimefungwa kwenye bomba la chini la fremu. Ni gia za zamani zisizo na mbofyo. Shimano, kampuni ya Japani ya vipuri vya baiskeli, walileta gia za kubofya kwenye Dura-Ace, seti yao ya baiskeli za mashindano, katikati ya miaka ya 1980. Kabla ya hapo karibu kila kikono kilifanya kazi kwa msuguano tu: washa (pete bapa za ndani) zinabanana, kikono kinabaki pale ulipokiacha, na kazi ya kujua kama cheni imekaa sawa ni ya sikio lako.

Watu huona huo ni upungufu. Kwangu ndiyo faida yenyewe. Kikono kinachobofya kinadai kila kitu kilingane nacho: nafasi kati ya sproketi, aina ya kihamisha cheni, hata urefu wa waya kwa sehemu ya milimita. Kikono cha msuguano hakijui kama nyuma kuna sproketi tano au saba. Mahali ambapo vipuri hupatikana kwa kubahatisha, hilo lina thamani kubwa.

Nilianza na kikono cha kulia, cha gia za nyuma. Nilikifungua na kuzipanga washa kwenye gazeti kwa utaratibu ule ule zilivyotoka, maana ukizichanganya kikono ama kitakaza kupita kiasi ama kitazunguka bure. Nilizisafisha kwa mafuta ya taa na kuzikausha kabisa. Kosa la kawaida ni kupaka grisi pale panapobanana. Grisi inaua ule msuguano unaoutegemea. Tone moja la mafuta kwenye mhimili latosha, washa zenyewe zibaki kavu. Ile skrubu yenye pete ndogo ya kushika kwa vidole niliikaza hadi kikono kikawa kinasukumika kwa dole gumba bila kuumiza.

Hapa ndipo ilipo siri ya gia zinazoruka zenyewe. Kihamisha cheni cha nyuma kina springi inayovuta waya muda wote kuelekea sproketi ndogo. Ukipanda mlima ukikandamiza pedali, fremu inajipinda kidogo na waya unavutwa. Barabara ya changarawe nayo inatikisa. Kikono kilicholegea kinaachia, na cheni inashuka kwenye gia nzito wakati ule ule unapohitaji nyepesi. Mwendeshaji hulaumu friwili, na fundi humuuzia friwili. Ilitakiwa robo mzunguko wa ile skrubu.

Waya wa gia una unene wa takriban milimita 1.2, wa breki ni 1.5 au zaidi, na vichwa vyao havifanani. Usikubali kuwekewa waya wa breki uliochongwa kichwa kwa tupa, wala waya wa klachi ya bodaboda. Ni minene, inasugua ndani ya ganda, na kikono kinakuwa kizito hadi unashawishika kukilegeza. Kwa ganda, gia za msuguano hazichagui: ganda la breki, lile la chuma kilichosokotwa, linafaa. Kinyume chake ni hatari. Lipo ganda la gia za kisasa lenye nyaya zilizonyooka kwa urefu wake. Hilo usilitie kwenye breki kamwe, kwa kuwa likibanwa kwa nguvu linaweza kupasuka ubavuni na breki ikapotea.

Sehemu inayoharibika kwanza ni kile kipande kifupi kinachopinda nyuma kabisa kuingia kwenye kihamisha cheni. Kiko chini, mdomo wake unaangalia tairi, na matope mekundu ya masika huingia humo yakakauka. Nilikata kipya cha sentimita 28, nikasawazisha ncha kwa tupa, nikafungua tundu la ndani kwa spoki niliyoichonga, nikapaka grisi nyepesi kwenye waya kabla ya kuupitisha. Kikiwa kifupi mno kinavunjika shingo, kikiwa kirefu mno kinalegalega. Ncha ya waya iliyobaki niliivalisha kinati kikuukuu cha spoki na kuibana kwa koleo, isifumuke.

Sikio la fremu ndilo lililonichukua muda zaidi. Baiskeli ya mzigo ikiangukia upande wa kulia, kihamisha cheni ndicho kinachofika chini kwanza, na sikio linapinda kuelekea spoki. Kwa macho huwezi kuliona vizuri. Simama nyuma ya baiskeli: vile vigurudumu viwili vya meno vinavyoning'inia lazima viwe kwenye mstari mmoja na sproketi iliyo juu yao. Vyangu vilikuwa vimeingia ndani upande wa chini. Nilichukua gurudumu jingine la nyuma lenye ekseli ya milimita 10 na nyuzi za milimita 1, ambazo kwa kawaida zinalingana na tundu la sikio, nikaliskrubu pale penye kihamisha cheni. Hapo unakuwa na magurudumu mawili kandokando, na ukipima nafasi kati ya rimu hizo juu, chini, mbele na nyuma, unajua kasoro iko wapi. Nilivuta taratibu hadi tofauti ikabaki milimita 3. Fremu ya chuma huvumilia hili mara moja mbili. Ya alumini hukatika ghafla, kwa hiyo usiijaribu.

Baada ya hapo ikaja hesabu ya mlima. Zidisha mzingo wa gurudumu, hapa mita 2.1, kwa meno ya mbele yaliyogawanywa kwa ya nyuma, upate umbali wa mzunguko mmoja wa pedali. Gia nzito kabisa, 52 kwa 14, inatoa mita 7.8. Nyepesi kabisa, 40 kwa 28, inatoa mita 3. Linganisha na baiskeli ya kawaida ya mizigo yenye magurudumu ya inchi 28 na meno 44 kwa 18: karibu mita 5.5 wakati wote, tambarare na mlimani. Mita 3 ni afadhali, lakini kwa jerikeni mbili za maji, yaani kilo 40, kuelekea mlima wa Wanale au kupandisha barabara ya Sipi, bado miguu inalia.

Nikaamua kubadilisha friwili, kuweka ya sproketi saba: 14, 16, 18, 20, 22, 24, na mwisho moja kubwa ya 34. Ni aina ya bei ya chini, ile ya baiskeli za mlima. Kuing'oa ya zamani kunahitaji kifaa kinachoingia sawasawa kwenye meno yake ya ndani. Kibane kwa nati ya ekseli kisiteleze, kikamatishe kwenye jiliwa, halafu zungusha gurudumu zima kinyume cha saa kama usukani wa lori. Ikianza kulegea, ondoa nati kwanza ndipo uendelee. Kufunga mpya, paka grisi kwenye nyuzi na uanze kwa mkono. Ikigoma mizunguko ya mwanzo, acha. Habu za zamani za Ufaransa zina nyuzi tofauti kidogo, na ukilazimisha unaiua habu.

Kihamisha cheni cha asili kilitengenezwa kwa meno 28 tu, hakingeweza kupita chini ya 34. Nilitoa kirefu kutoka baiskeli ya mlima iliyokatika fremu. Kwa gia za kubofya, mchanganyiko huu wa friwili ya baiskeli moja, kihamisha cha nyingine na kikono cha miaka mingi nyuma ungekuwa bahati nasibu. Kwa msuguano ulikubali siku hiyo hiyo.

Cheni nayo ina mtego wake. Ile ya baiskeli za gia moja, inayouzwa kila kona, ni pana kwa ndani: moja ya nane ya inchi. Itakaa kwenye meno, lakini kwa nje inagusa sproketi jirani, inakwaruza na kugoma kuhama. Inatakiwa nyembamba, ya tatu ya thelathini na mbili. Urefu nilipima kwa kuizungusha kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kihamisha, nikaongeza pingili mbili. Ikiwa fupi kuliko hapo, siku utakapoteleza ukaingiza kubwa kwa kubwa, kihamisha kitang'oka na sikio lake. Kujua kama cheni kuukuu bado inafaa, pima pingili 24: mpya ni milimita 305. Ikifika 307 itupe, la sivyo itakula friwili mpya.

Skrubu mbili za kikomo nilizirekebisha kabla ya kufunga waya. Moja inazuia cheni isitoke nje ya sproketi ndogo, nyingine isiingie kwenye spoki. Cheni ikiwa kwenye ndogo, kigurudumu cha juu kiwe wima chini yake. Kisha nilisukuma kihamisha kwa mkono hadi sproketi ya 34 huku nikizungusha pedali polepole, nikakaza skrubu ya pili hadi kisiweze kupita hata nikilazimisha. Hii ya pili usiifanyie haraka: cheni ikizama kwenye spoki ukiwa umesimama juu ya pedali, gurudumu linajifunga. Waya nilifunga mwisho, kikono kikiwa mbele kabisa na waya umevutwa kwa koleo. Ukiacha ulegevu, safari ya kikono inaisha kabla ya kufika 34.

Kuziendesha kuna adabu yake. Endelea kuzungusha pedali lakini punguza nguvu, kama mtu anayekanyaga yai. Vuta kikono hadi cheni ipande, kipitishe kidogo tu zaidi ya inavyohitajika, kisha kirudishe unywele mmoja hadi kelele ikome. Kwarukwaru ya mfululizo maana yake cheni inagusa sproketi ya jirani. Kishindo cha mara moja moja ni cheni iliyo katikati ya mbili, na ukiikandamiza hapo itaruka. Kimya maana yake endelea. Kutoka 24 kwenda 34 vuta kwa mkupuo mmoja, ukisitasita inakwama njiani. Na ubadilishe kabla ya mlima, mita ishirini kabla. Ukiwa tayari unahema, cheni imekazwa mno kuhama.

Wageni huchanganywa na vikono viwili kufanya kinyume. Kuvuta cha kulia nyuma kunakupa gia nyepesi. Kuvuta cha kushoto kunapeleka cheni kwenye 52, yaani nzito. Kikono cha kushoto kina faida moja ambayo wa mbofyo wengi hawana: nyuma ukihama na cheni ikaanza kusugua kizimba cha kihamisha cheni cha mbele, unakisogeza milimita moja tu na kelele inakwisha. Ubao wa nje wa kizimba hicho nimeuweka milimita 2 juu ya meno ya 52, sambamba nayo.

Mafuta: kila wiki ya kiangazi nasugua cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, naiacha ikauke, naweka tone moja kwa kila pingili la oili safi ya injini, kisha nafuta ya nje yote. Oili chafu iliyomwagwa kutoka gari, ambayo wengi wanaisifu kwa kuwa ni bure, ina chembe za chuma na inashika vumbi jekundu hadi cheni inageuka msasa.

Baiskeli za mlima za mwisho wa miaka ya 1980 zina vikono vya dole gumba juu ya hendeli vinavyobofya, lakini vingi vina pete ya kuzungusha kutoka alama ya kubofya hadi herufi F. Mbofyo ukivurugika, zungusha hadi F na una gia za msuguano bila kununua chochote. Nimeona vingi vikitupwa kwa kutolijua hilo.

Waya ukikatika njiani, cheni inashuka kwenye 14 na hapo milimani huendi popote. Lete ya mbele kwenye 40, sukuma kihamisha cha nyuma kwa mkono hadi sproketi ya tatu au ya nne, kisha kata kijiti kigumu na ukikomee ndani ya kile kisanduku chake cha pembe nne kisirudi. Zungusha pedali kwa mkono kwanza, hakikisha kijiti hakigusi cheni. Cha mti wa kahawa kinafaa, ni kigumu na hakitelezi.