Mama akasema hajambo

Siku afisa alipokuja kukagua nyumba, mama aliliua kwa neno moja ombi letu la ruzuku ya kurekebisha bafu na njia ya kuingilia. Aliulizwa, "Bafuni unaingiaje, mama?" Akajibu, "Najikongoja tu mwanangu, sijambo." Nilikuwa nimesimama nyuma ya afisa, nikaiona kalamu ikiandika: anajihudumia mwenyewe. Barua ya kutukatalia ruzuku ilipofika, sababu ilikuwa hiyohiyo.

Sasa nieleze huko kujihudumia kulivyokuwa. Mama alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Kiti chake cha magurudumu kina upana wa sentimita 66. Mlango wa bafu ni sentimita 70, ila hiyo ni fremu. Ubao wenyewe ukifunguliwa unakula tatu, zinabaki 67. Kwa hesabu kiti kinapita, lakini vidole je? Kila asubuhi vifundo vya mkono wa kulia, ndio mkono pekee unaosukuma, vilikwaruzwa na fremu hadi vikaota sugu. Akishapita hapo, magurudumu madogo ya mbele yanagota kwenye kizingiti, basi anajivuta kwa kushika sinki. Sinki halikuwekwa libebe mtu. Siku moja liling'oka ukutani, akaanguka nalo.

Niliwalaani wale wa ofisini wiki nzima. Halafu nikachukua nakala ya fomu niliyoijaza mwenyewe na kuisoma kama vile naletewa na mtu baki. Nilikuwa nimeandika: "Tunaomba kujengewa bafu la kisasa." Jamani! Fedha za umma za kurekebisha nyumba zipo kwa ajili ya kuondoa kikwazo, tena kwa njia ya gharama nafuu inayotosha. Mimi niliomba kitu, sikueleza kikwazo.

Safari ya pili, tulipokata rufaa, nilinunua daftari. Kwa siku 14 niliandika kila safari ya mama kwenda chooni: saa ngapi, imechukua dakika ngapi, nani alimshika na wapi. Mstari mmoja ulisomeka hivi: "Saa 12:40 asubuhi, dakika 25 kutoka kitandani, nilimshika kiunoni, hakuwahi." Mama alipouona aliniuliza, "Yaani aibu yangu unaipeleka serikalini?" Hatukuongea hadi jioni. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba niishie kwenye "hakuwahi" na nisiongeze neno. Sikuongeza. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Nilipiga na picha, kila moja ikiwa na futi ya kupimia imelazwa mlangoni ili namba zionekane. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa hospitali, yaani anayemsaidia mgonjwa kumudu shughuli za kila siku, alikuja akaandika ripoti yake, na huyu ndiye mtu wa kumtafuta kabla ya fundi. Fundi aliangalia ngazi zetu tatu za mbele akasema atamwaga zege la mteremko wa mita mbili kwa ajili ya kiti, mchezo umekwisha. Mtaalamu akapiga hesabu: ngazi zina kimo cha sentimita 45, na kipimo kinachotumika sana ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Hiyo ni mita 5.4, na bado juu panatakiwa uwanja tambarare wa kusimama unapofungua mlango. Kwa zege la fundi mama angehitaji mtu wa kumsukuma akipanda na wa kumzuia akishuka.

Shemeji naye alishauri tuanze ujenzi, risiti tutapeleka baadaye. Nilikataa. Mifuko mingi ya fedha za namna hii hailipii kazi iliyoanza kabla ya idhini ya maandishi, na kwa nyumba ya kupanga kama yetu inatakiwa barua ya mwenye nyumba. Wetu alitaka kujua nani atabomoa njia ya kiti tukihama. Tuliandikishana.

Katika barua ya rufaa niliweka pia ibara ya 19 (kuishi kwa kujitegemea) na ya 28 (maisha ya kiwango cha kutosha) za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ule wa 2006. Mbwembwe kidogo, nakiri. Uzito ulikuwa kwenye daftari.

Afisa wa pili alipomsalimu, "Hujambo mama?", mama akajibu, "Sijambo." Roho yangu ikashuka. Kisha akanitazama, akaunyoosha mkono wa kulia, akamwonyesha vile vifundo. Afisa alitoa futi yake mwenyewe akaenda mlangoni kupima.

Fedha za mlango na bafu zilitoka, za njia ya mbele bado tuko kwenye foleni. Mlango wa bafu sasa una sentimita 85 wazi, kizingiti hakipo, vyuma vya kushikilia vimekazwa ukutani. Mama bado anakunja kiwiko kila anapopita pale.