Andika cls, si jina la klasi

Leo kwenye ukaguzi wa msimbo wa malipo wa Python: klasi Muamala ina methodi kutoka_csv, @classmethod (alama inayoipa methodi klasi iliyoitwa, kwa jina cls) imekaa vizuri kabisa juu yake.

Shida iko mstari wa mwisho:
return Muamala(namba, kiasi)

Klasi MuamalaWaSimu inairithi Muamala na kuongeza methodi makato(). Ukiita MuamalaWaSimu.kutoka_csv(mstari), unarudishiwa Muamala wa kawaida. Ukigusa makato(), unapigwa AttributeError, tena mbali kabisa na kosa lenyewe.

Dawa:
return cls(namba, kiasi)

(Ila __init__ ya mtoto ikidai hoja ya ziada, hapo TypeError.)

Hiyo ndiyo kazi hasa ya @classmethod: njia ya pili ya kuunda kitu, kama date.fromisoformat("2024-05-01"). Methodi isiyogusa cls wala self (kitu chenyewe)? Itoe nje, iwe funksheni tu.

Nyie mnatumia @classmethod wapi kwingine?