Kibali Kwanza, Mnyama Baadaye: Siku Moja ya Afisa Wanyamapori wa Wilaya, Dodoma

Ukitaja kazi ya wanyamapori, watu wanaona buti, bunduki na gari la wazi linalokata pori. Vijijini bado wanatuita "bwana nyama". Siku zetu nyingi wilayani lakini ni mafaili, futi kamba, GPS na kueleza jambo lilelile kutwa nzima: kibali hutangulia, mnyama hufuata. Hii hapa ni siku moja ya Oktoba mkoani Dodoma, jua kali na vumbi.

Saa 12:30 asubuhi. Simu ya mtendaji wa kijiji. Tembo wamepita usiku, wamebomoa ghala la mahindi. Namwomba wasifagie nyayo wala kuokota magunia mpaka mwenzangu afike apime na kupiga picha. Fomu ya kifuta jasho, yale malipo ya Serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, isipokuwa na vipimo hukwama mezani, na mwenye ghala ndiye anayeumia.

Saa 1:30. Ofisi imefunguliwa. Barua mbili za wito wa mahakamani kwenda kutambua nyara na kutoa tathmini yake, zinaingia kwenye diary.

Saa 2:15. Mzee wa tiba asili amekuja na mfuko: miiba ya nungunungu, manyoya ya mbuni, kipande cha ngozi. Anataka kuandikiwa barua kwamba ni vifaa vya kazi. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nalieleza taratibu. Kisheria nyara si pembe ya tembo peke yake. Ni mnyama akiwa hai au amekufa, pamoja na jino, mfupa, kwato, ngozi, nyama, nywele, unyoya na yai lake. Kupatikana na nyara ya Serikali bila kibali kunaangukia kifungu cha 86 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na hukumu za miaka 20 jela zimetolewa mara nyingi kwa kifungu hicho. Ofisi ya wilaya haina barua ya kuhalalisha kitu ambacho chanzo chake hakijulikani. Vitu vinahesabiwa kimoja kimoja, tunaandika hati ya makabidhiano, tunasaini wote wawili.

Saa 3. Kijana ameleta kobe kwenye ndoo, yule bapa kama chapati anayejipenyeza kwenye nyufa za mawe. Amesikia ana soko nje, anauliza leseni. Kobe huyu yuko Jedwali la Kwanza la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2019, ambako biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini imefungwa. Biashara ya kusafirisha wanyama hai nje ya nchi nayo ilisitishwa na Serikali mwaka 2016, na tangazo la Juni 2022 la kuifungua kwa miezi 6 lilisimamishwa ndani ya siku chache. Namuuliza swali moja tu la maana: jiwe gani? Jike hutaga kwa kawaida yai moja kwa mara moja, kwa hiyo mwamba ukishaondolewa kobe wachache wakubwa, kujaa tena ni kazi ya miaka mingi. Arudishwe palepale alipotolewa, si kwenye mwamba wowote. Tunaandika alama za mahali.

Saa 4. Mfumo wa maombi uko chini. Nabaki na mafaili ya karatasi. Matatu kati ya manne yana kosa lilelile: jina la kwenye kitambulisho cha NIDA halifanani na la kwenye hati ya ardhi. Herufi moja tu ikipishana, faili linarudi.

Saa 5. Pikipiki, futi kamba ya mita 50, GPS, mizani ndogo. Ukaguzi wa eneo la mtu anayeomba kufuga mbuni, kijiji kimoja upande wa Kongwa. Mwenyewe amestaafu, na kiinua mgongo chake chote kimeingia kwenye nguzo na waya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu uone kazi."

Kazi kweli ameifanya. Nguzo zimenyooka, zimechimbiwa vizuri. Shida ni kwamba amezungushia seng'enge nyuzi saba, juu mpaka chini, kama zizi la ng'ombe. Mbuni akishtuka hakimbii akiangalia waya. Anajibamiza nao, na miiba inachana shingo na mapaja. Ngozi ya mbuni ndiyo sehemu kubwa ya pesa anayoitegemea mfugaji, na kovu linaishusha thamani. Kinachofaa ni waya wa wavu au nyuzi laini, urefu wa mita 1.8, na vitambaa vyeupe vifungwe juu ili ndege auone uzio kabla ya kuufikia. Kona nazo zizungushwe. Kwenye kona kali ndege wakikimbizwa na mbwa hurundikana na kukanyagana.

Nikainama kuangalia ardhi. Fundi ameacha misumari, vipande vya waya, vifuniko vya chupa. Hili watu hulidharau na ndilo linaloua mapema. Mbuni hudonoa chochote kinachong'aa na kukimeza, na msumari hautoki. Nilimwambia mzee eneo lote lifagiliwe, halafu lipitishwe sumaku iliyofungwa kwenye kamba, kisha lifagiliwe tena.

Maji: kisima kipo, lakini pampu ni moja. Kwa hesabu ya lita 10 kwa ndege mkubwa kwa siku, ndege 20 wanataka lita 200 kila siku hata siku pampu inapoharibika, kwa hiyo tangi la akiba ni lazima. Banda la karantini hakuna kabisa. Hapo sikusogea hata kidogo, maana ndege wapya wakiingia moja kwa moja karibu na kuku wa kijiji, kideri kinaweza kuvuka upande wowote.

Halafu karatasi. Muhtasari wa kikao cha kijiji una mhuri, hauna orodha ya mahudhurio. Ramani ina alama za UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda za nyuzi 6 za longitudo, ila aliyezichukua ameandika kanda ya 36. Mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36 mashariki, inayopita mashariki kidogo ya Dodoma mjini. Ukiwa mjini uko kanda ya 36, ukifika Kongwa uko kanda ya 37. Kosa hilo moja linalihamisha shamba nyuzi 6 magharibi, likaangukia kule Kigoma na Katavi. Kuna na kosa jingine dogo: GPS ikiachwa kwenye WGS84, msingi wa vipimo wa dunia nzima, wakati ramani ni ya Arc 1960, msingi wa zamani wa ramani za huku, mpaka unasogea mita kama 300, unaingia kwa jirani. Tukazunguka kona zote nne upya kwa miguu. Jua lilikuwa utosini, maji ya chupa yamekuwa ya moto.

Tulipoingia ndani kunywa uji ndipo nikaliona, juu ya kabati, limewekwa kwenye bakuli lenye pamba. Yai la mbuni.

"Hilo mzee?"

"La mbegu, mwanangu. Nimelinunua kwa kijana mmoja njiani. Alisema ameliokota."

Nililishika kwa mikono miwili. Ganda rangi ya siagi, lina vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa. Nikaliweka kwenye mizani: gramu 1,150. Yai bichi la mbuni hukaribia kilo moja na nusu. Nikalisogeza sikioni, ndani maji yanachapa. Alikuwa nalo zaidi ya mwezi. Yai la kutotolesha halipaswi kukaa zaidi ya wiki moja hivi kabla ya kuingia mashineni kwa siku 42. Hili lilikufa zamani, na bado lilikuwa nyara ya Serikali juu ya kabati lake.

Hapo maelezo yalichukua zaidi ya saa nzima. Yeye anasema amelipa pesa yake halali. Mimi narudia kwamba sheria haitofautishi la kuokota na la kununua. Anauliza sasa mbegu ataipata wapi. Kwenye shamba lililosajiliwa, lenye nyaraka za kila ndege na kibali cha kumsafirisha, au kwa kibali cha kukamata kinachotoka kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori. Na yote hayo ni baada ya eneo kupita ukaguzi. Akanyamaza muda mrefu. Mkewe ndiye aliyelishusha bakuli. Mtendaji wa kijiji aliitwa, hati ya makabidhiano ikaandikwa nakala tatu, uzito na vipimo vikaingia, tukasaini. Hati hiyo na maelezo yake vinakwenda kwa wakubwa wangu na kwa mwanasheria. Afisa mmoja hana mamlaka ya kulimaliza jambo kama hilo sebuleni, na nilimweleza hivyo waziwazi, sikumficha.

Njia ya kurudi sikuiangalia saa. Upepo wa mbele, vumbi mdomoni, yai limefungwa kwa shuka ndani ya begi kifuani.

Ofisini walikuwa wameshafunga. Nikaandika ripoti kwa taa ya simu kwa sababu umeme ulikatika: eneo halijakidhi, dosari sita, kila moja na marekebisho yake na kipimo chake. Ukiandika "uzio haufai" peke yake, mtu atatumia pesa mara ya pili na kukosea tena. Yai likapewa namba, likaingia kabati la nyara. Mfumo ulirudi karibu saa 2 usiku, nikapandisha maombi mawili kabla haujakatika tena.

Simu ikaita nikifunga mlango. Ni yule mzee.

"Mwanangu, naagiza dukani kwa simu, sijalipa bado. Huu waya wa wavu, matundu yake yanapita ngumi. Nichukue?"

"Usichukue mzee. Kifaranga atatoa kichwa. Waambie wakupe ule wa matundu madogo kwa sehemu ya chini."

"Haya. Subiri niwaulize bei."